Mafuta ya mimea dhidi ya mbu wa malaria: mkaratusi-limau, sitronela, karafuu au mwarobaini?

Mbu aenezaye malaria ni Anopheles jike, naye huuma kuanzia jua linapozama hadi karibu na mapambazuko. Wengine hungoja usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Wengine huanza mapema, watu wangali nje wakipika au wakizungumza. Usiku wa manane una kinga yake tayari: chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Mafuta ya mimea yana nafasi katika zile saa za kabla ya kuingia kitandani, ambazo kwa watu wengi ni tatu hadi tano.

Ndiyo maana kabla ya kulinganisha harufu inafaa kulinganisha saa. Mafuta yanayodumu dakika 40 yanaweza kufanya kazi nzuri kwa dakika hizo, kisha yakakuacha wazi huku mkono wako bado unanukia. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Harufu hubaki puani hata baada ya kiasi kilichopo kwenye ngozi kushuka chini ya kile kinachomzuia mbu, na mtu hujiona salama kwa sababu bado anainusa.

Vigezo vya kulinganisha

Kila chaguo hapa chini limepimwa kwa mambo manne: linadumu muda gani, ngozi inalivumilia kiasi gani, linaandaliwaje na huharibika wapi, na linamfaa nani.

Muda ndio kigezo kizito kuliko vyote, kwa sababu ya asili ya mafuta yenyewe. Mafuta tete, yaani yale yanayotolewa kwenye majani, maua au magome kwa mvuke, yameundwa na chembe nyepesi zinazoruka hewani. Mvuke huo ndio unaomfukuza mbu, na kuruka huko huko ndiko kunakoyamaliza.

Kipimo cha kulinganishia kinapatikana kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2002 katika jarida la New England Journal of Medicine. Dawa ya kupaka yenye DEET (kemikali ya kiwandani ya kufukuza mbu) asilimia 23.8 ililinda kwa wastani wa dakika 301.5. Yenye mafuta ya soya asilimia 2 ililinda dakika 94.6. Bidhaa za sitronela zilizojaribiwa hazikufika dakika 20. Mbu aliyetumika ni Aedes aegypti, si Anopheles, na spishi hutofautiana. Lakini mpangilio huo wa nani anadumu na nani anakimbia umejirudia katika majaribio mengi.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kiasi. Kipimo cha maabara ni kama mililita 1 kwa kila sentimita 600 za mraba za ngozi, yaani mkono mmoja kutoka kiwiko hadi kifundo. Miguu yote miwili ya mtu mzima, kutoka gotini hadi vidoleni, inahitaji mililita 5 hadi 6: kijiko cha chai kilichojaa na nyongeza kidogo. Anayepaka matone mawili na kuyatandaza mwili mzima asitarajie muda ulioandikwa kwenye chupa.

Na miguu ndiyo ya kuanzia. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, mtu akiwa ameketi nje, huuma zaidi chini, kwenye vifundo na nyayo. Mtu aliyepaka shingo na mikono akaacha miguu amelinda mahali ambapo mbu hawa huuma kwa nadra.

1. Mkaratusi-limau (Corymbia citriodora) na PMD

Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa kila siku, na tofauti yake ni kubwa. Mafuta ghafi yanayotolewa kwa mvuke kwenye majani ya mti huu yamejaa sitronelali, ambayo huruka upesi. PMD ni kitu kinachopatikana pale sitronelali inapogeuzwa kwa asidi. Ni nzito zaidi, huruka polepole, na ndiyo inayofanya kazi kwa saa nyingi. Majani yenyewe yana PMD kidogo tu.

*Muda.* Bidhaa zenye PMD karibu asilimia 30 hulinda kwa saa 4 hadi 6, na hii ni miongoni mwa kinga chache za asili ya mmea zinazokaa kwenye daraja moja na DEET ya kiwango cha chini au cha kati. Ushahidi wake pia unavuka maabara. Katika jaribio la Amazoni ya Bolivia lililochapishwa mwaka 2007, kaya zilizotumia dawa ya PMD jioni pamoja na vyandarua zilipata malaria ya Plasmodium vivax (aina mojawapo ya vimelea vya malaria) pungufu kwa asilimia 80 kuliko zilizotumia vyandarua na dawa bandia, yaani isiyo na kinga yoyote ndani yake. Mbu wa huko huuma mapema jioni, na ndiyo sababu matokeo yalikuwa makubwa namna ile. Mafuta ghafi hayana rekodi kama hiyo. Yahesabu pamoja na sitronela.

*Ngozi.* Wengi huivumilia. Ikiingia machoni huunguza vikali, kwa hiyo usipulizie usoni. Weka kiganjani kisha pakaa ukiepuka macho na midomo. Haipakwi watoto walio chini ya miaka 3.

*Uandaaji.* Usijaribu kuitengeneza nyumbani. Kumimina maji ya limau kwenye mafuta ghafi hakuleti PMD: maji na mafuta hujitenga, na hata pale mageuzi yanapotokea huna namna ya kupima kiasi kilichopatikana. Kwenye lebo tafuta herufi PMD na asilimia yake. Ukikuta neno mkaratusi peke yake, uliza ni upi. Mkaratusi wa kawaida wa kifua na mafua (Eucalyptus globulus) una sineoli, hauna kazi hii, na ukinywewa na mtoto hata kidogo ni sumu.

*Anayefaa.* Mtu mzima au mtoto wa miaka 3 na zaidi anayekaa nje jioni nzima: mlinzi, mvuvi, muuza chakula, anayepiga kambi. Maji na jasho huisafisha, kwa hiyo anayetoka jasho jingi ajipake tena mapema kuliko lebo inavyosema.

2. Sitronela, na ndugu yake mchaichai

Sitronela hutolewa kwenye nyasi mbili, Cymbopogon nardus na Cymbopogon winterianus. Mchaichai wa chai ni Cymbopogon citratus, na kemia yake ni nyingine: sitronela ina sitronelali, geranioli na sitroneloli, ilhali sehemu kubwa ya mchaichai ni sitrali. Harufu zinakaribiana mno, na wauzaji huandika jina moja kwa yote mawili.

*Muda.* Mfupi. Ikiwa asilimia 5 hadi 10 kwenye mafuta au losheni, tegemea kati ya dakika 20 na saa moja, na si ajabu ikapungua zaidi penye upepo, kama ilivyokuwa kwenye jaribio la 2002. Kinachoweza kuurefusha ni vanilini, kemikali ya harufu ya vanila, ambayo huzuia mafuta yasiruke haraka. Majaribio yaliyoongeza vanilini asilimia 5 kwenye sitronela na mafuta mengine yalipata saa kadhaa. Vanila ya keki haitoshi, kwa kuwa vanilini iliyomo ni chembe tu ndani ya maji na spiriti.

*Ngozi.* Sitronela ni mpole kwa wengi. Mchaichai si mpole hata kidogo: sitrali huamsha mzio wa ngozi, na kiwango kinachoshauriwa kwa ngozi ni karibu asilimia 0.7. Hapo ndipo penye mtego, maana kwa kiwango hicho mbu hajali, na kwa kiwango kinachomfukuza mbu ngozi huanza kuwasha na kutoa vipele. Kama una mchaichai, unywe chai.

*Uandaaji.* Njia inayodumu zaidi kidogo ni mafuta ya mgando. Yeyusha gramu 90 kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Ondoa motoni, ngoja yapoe hadi uweze kushika bakuli kwa kiganja bila kuungua, ndipo utie mililita 10 za sitronela ukikoroga. Anayetia mafuta tete kwenye mgando unaochemka huona mvuke mzuri ukipanda, na mvuke huo ndio dawa yake inayokwenda. Njia ya pili ni ya kupulizia: mililita 10 za sitronela na gramu 5 za vanilini, kisha ongeza ethanoli hadi mililita 100. Tikisa mpaka vanilini iyeyuke yote. Mchanganyiko huu hushika moto, basi usipulizie karibu na jiko au mshumaa. Ethanoli ikikosekana usibadilishe kwa maji, kwa sababu sitronela huelea juu na pulizo la kwanza hutoa maji matupu.

*Anayefaa.* Anayetoka kwa muda mfupi, au anayeweza kujipaka tena kila nusu saa bila kusahau. Kwa mlinzi wa usiku haifai peke yake.

3. Karafuu

Nguvu ya karafuu ni yujenoli, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta yake. Utafiti wa vipokezi vya harufu vya Anopheles umeonyesha kwamba mbu huyu hunusa yujenoli moja kwa moja, tofauti na DEET ambayo hufanya kazi zaidi kwa kuficha harufu ya binadamu.

*Muda.* Maabara imepata saa 2 hadi 4 kwa mafuta ya karafuu yasiyochanganywa, muda mrefu kuliko mafuta tete mengi. Watu wakilisoma hilo hukimbilia kujipaka, na ngozi zao ndizo hulipa.

*Ngozi.* Kiwango kinachoshauriwa ni asilimia 0.5, yaani nusu mililita, takriban matone 10, kwenye mililita 100 za mafuta ya kuchanganyia. Yasiyochanganywa huunguza, hasa kwenye mikunjo ya ngozi na mahali paliponyolewa, na yanaweza kuacha mzio wa kudumu: baada ya hapo hata dawa ya meno yenye karafuu inaweza kukuwasha. Lile jaribio la saa 4 na kiwango salama cha ngozi vimetengana mara 200.

*Uandaaji.* Itumie kwenye kitambaa badala ya mwili. Matone 10 kwenye utepe wa pamba, uliofungwa kwenye mguu wa kiti au upande unakotoka upepo, husaidia kidogo kwa saa moja hivi na hayamgusi mtu. Karafuu nzima zilizochomekwa kwenye limau hupendeza mezani; mvuke unaotoka humo ni mdogo mno kuitwa kinga. Usiweke mafuta haya kwenye chombo cha plastiki nyembamba wala usiyadondoshe juu ya meza iliyopakwa vanishi, kwani huilainisha na kuibandua.

*Anayefaa.* Aliye na kinga nyingine tayari na anataka nyongeza mahali pa kuketi. Mwenye pumu na mwenye paka wawe waangalifu. Paka hushindwa kuvunja vizuri kemikali za aina ya yujenoli mwilini.

4. Mwarobaini

Mafuta ya mwarobaini hayamo kwenye kundi la mafuta tete. Ni mafuta mazito yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu, kama ya ufuta au alizeti, na uzito huo ndio sifa yake: hukaa kwenye ngozi.

*Muda.* Matokeo yametawanyika kuliko ya chaguo lolote hapa. Jaribio la India lililochapishwa mwaka 1993 liliripoti kwamba asilimia 2 ya mwarobaini ndani ya mafuta ya nazi ilizuia Anopheles kwa saa 12. Majaribio mengine, yakiwemo ya Ethiopia dhidi ya Anopheles arabiensis, yalipata kinga ndogo zaidi na ya saa chache, ilhali PMD na DEET zilizopimwa sambamba zilishikilia. Mbegu hutofautiana kwa kiasi cha azadiraktini (kemikali kuu ya mwarobaini), mbegu zenye ukungu huharibu mafuta, na mwanga wa jua huivunja azadiraktini kwenye chupa angavu. Panga kwa saa 1 hadi 3, halafu zichunguze kwa mbu wa mahali ulipo.

*Ngozi.* Kwa asilimia 2 huwasha wachache. Harufu yake ya kitunguu saumu kilichochacha ndiyo inayowashinda wengi. Chupa ikae mbali na watoto: mafuta ya mbegu za mwarobaini yakinywewa yamesababisha degedege na vifo vya watoto wachanga, hata pale mzazi aliponywesha akidhani ni dawa.

*Uandaaji.* Mililita 2 za mwarobaini kwenye mililita 98 za mafuta ya nazi. Yote mawili huganda pakiwa baridi, la nazi likianza karibu nyuzi 24 za Selsiasi. Yakiganda, loweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu na kutikisa upya, la sivyo sehemu moja ya chupa itakuwa na mwarobaini mwingi na nyingine tupu.

*Anayefaa.* Anayeweza kukamua au kupata mbegu nzuri, asiyejali harufu, na anayekaa mahali ambapo PMD haipatikani.

Majani ya kuchoma, mishumaa na mimea ya chunguni

Kivumbasi na mikaratusi iliyowekwa juu ya makaa, hasa ikipashwa moto bila kuwaka, hupunguza mbu wanaoingia ndani. Ila moshi huo huo huwadhuru watoto na wenye pumu, na ukiisha mbu hurudi. Mshumaa wa sitronela hupunguza kuumwa kidogo kwa aliye karibu yake kabisa, pasipo na upepo. Mmea ulio hai kwenye chungu hautoi mvuke wa kutosha mpaka majani yasuguliwe.

Yanayoharibu kazi, chochote utakachochagua

Pima kwa sirinji isiyo na sindano. Tone la chupa moja si sawa na la nyingine: mililita 1 inaweza kuwa matone 20 au hata 40 kulingana na mdomo wa chupa.

Jaribu kwanza kwenye upande wa ndani wa kiwiko na usubiri saa 24. Palipotoka wekundu au malengelenge, oshea kwa mafuta ya kula kisha sabuni. Maji peke yake husambaza.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo cha kahawia, imejaa, imefungwa, mahali pa baridi. Hewa inayobaki juu ya chupa nusu huoksidisha mafuta, na mafuta yaliyooksidika huwasha ngozi ambayo hapo mwanzo haikulalamika. Andika tarehe ya kufungua, na ukifika mwaka tengeneza mapya.

Usipulizie mafuta kwenye chandarua chenye dawa. Hushika vumbi, vumbi hulazimisha kufua, na kila ufuaji hupunguza dawa iliyomo kwenye nyuzi.

Mkiwa mmeketi pamoja, wapakwe wote wanaoruhusiwa. Mbu anayefukuzwa kwa mmoja huhamia kwa jirani ambaye hakujipaka. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuvitazama vipakwa kama kinga ya mtu binafsi. Shirika la Afya Duniani halivipendekezi kuwa mkakati wa jamii nzima wa kuzuia malaria.

Chagua kwa hali yako

Unakaa nje saa 3 au zaidi kila jioni: PMD ya asilimia 30, mililita 5 hadi 6 kwa miguu kabla jua halijazama, ukirudia baada ya saa 4. Usipoipata, DEET ya asilimia 20 hadi 30 ni bora kuliko mafuta yoyote ya kutengeneza nyumbani. Kung'ang'ania kitu cha mmea hapa ni kujihatarisha.

Unatoka nusu saa kisha unarudi ndani ya nyumba yenye wavu madirishani: sitronela ya asilimia 10 kwenye mgando inaweza kutosha.

Huna bidhaa ya dukani na mbegu za mwarobaini zipo: mchanganyiko wa asilimia 2 na nazi, suruali ndefu, soksi, na kujipaka tena kila baada ya saa moja na nusu mpaka uone unavyokulinda.

Ngozi yako ina pumu ya ngozi au mzio wa manukato: acha karafuu na mchaichai kabisa. Nguo ndefu na chandarua vitakusaidia zaidi ya chupa yoyote.

Una ujauzito: malaria ni hatari kwako kuliko PMD au DEET iliyosajiliwa na kutumiwa kama lebo inavyoelekeza. Michanganyiko ya nyumbani haina kiwango kilichothibitishwa, kwa hiyo iache.

Una mtoto chini ya miezi 2: usimpake chochote, mweke chini ya chandarua tangu magharibi. Kuanzia hapo hadi miaka 3 PMD bado hairuhusiwi, na mafuta yenye kafuri au mentholi yasikaribie pua yake. Kwa mtoto mkubwa zaidi, paka wewe mwenyewe na uruke viganja vyake, kwani havichelewi kufika machoni na mdomoni.

Umetumia chochote kati ya hivi na homa imekuja: nenda kapime malaria ndani ya saa 24, bila kuhesabu ulijipaka mara ngapi.